Kabla Hamjasaini Gati: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Visiwa vya Kuzamia

Waheshimiwa mnaosimamia utalii, bandari na hifadhi za bahari katika visiwa vidogo,

Baada ya salamu, naomba nafasi ya kusema. Mimi si mhandisi wa bandari, wala sijawahi kukaa kwenye kikao cha bajeti. Miaka yangu mingi imepita chini ya maji nikiongoza wageni: tangi mgongoni, kibao cha kuandikia kiunoni, macho yakihesabu vichwa ili nisipande juu na pungufu. Barua hii ni ya kila kiongozi ambaye kisiwa chake kinafanana na vile nilivyovifanyia kazi. Kisiwa kidogo, wakazi wanajuana, na mgeni anayefika amefuata bahari. Anakaa wiki nzima, anazamia mara mbili kwa siku, jioni anatulia akitazama jua linavyozama, na mwakani anarudi na rafiki yake.

Kisha linakuja faili. Ndani yake mna ramani ya gati, picha ya meli nyeupe ya watalii juu ya maji ya buluu, na safu ndefu ya tarakimu: abiria kwa siku, abiria kwa mwaka, fedha kwa kila abiria. Huenda faili hilo liko mezani kwenu sasa hivi.

Ninachowaomba ni hiki: kabla hamjajadili gati, amueni idadi. Semeni kisiwa chenu kinaweza kupokea watu wangapi kwa siku moja, mkiandike kiwango hicho kwenye sheria, ndipo muulize kama kuna meli inayoingia humo. Mambo yakigeuzwa, gati likatangulia, idadi haitakuwa tena mikononi mwenu. Gati hujengwa kwa mkopo, na mkopo hulipwa kwa vichwa vya abiria. Siku mtakapotaka kupunguza meli, atakayewajibu ni yule anayewadai.

Najua kwenye karatasi tarakimu hazitishi. Mashua yetu ya kuzamia hubeba watu kumi, tukibanana kumi na wawili. Meli ya watalii kubwa kuliko zote wakati ilipoanza safari Januari 2024, Icon of the Seas, ina urefu wa mita 365 na inaweza kuchukua abiria 7,600, mbali na wafanyakazi 2,350. Sisemi hiyo ndiyo itakayokuja kwenu. Lakini hata meli ya wastani, yenye abiria elfu tatu, ikishusha watu wake asubuhi na kuwarudisha jioni, imewapa saa sita au saba tu za kukiona kisiwa, na wote wanataka sehemu zile zile mbili tatu, kwa wakati ule ule.

Niwaeleze asubuhi moja. Tulishuka saa mbili, wageni sita na mimi, kwenye mwamba wa matumbawe ninaoujua kama mtu anavyozijua ngazi za kwao hata gizani. Maji yalikuwa safi; ukiwa mita 15 chini ungeiona mashua juu, na ngazi yake, na mkono wa nahodha ukining'inia ubavuni. Tulipokuwa karibu kumaliza nikasikia mngurumo. Majini sauti husafiri kwa kasi inayozidi mara nne ile ya hewani, kwa hiyo sikio halibaini inatoka upande gani. Unaisikia kifuani na kwenye meno, pande zote kwa pamoja. Ilikuwa meli inajigeuza, rafadha zake za ubavuni zikisukuma maji juu ya sakafu ya mchanga. Kesho yake tuliposhuka tena, maji yalikuwa kama yametiwa maziwa. Palikuwa na sifongo kubwa lenye umbo la pipa, ambalo wageni hupenda kupigia picha. Nilipitisha kidole juu yake na kidole kikaacha mstari, kama mtu anapoandika kwenye kioo cha gari lenye vumbi.

Vumbi lile si uchafu wa siku moja unaoondoka na mkondo. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo sana unaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, kisha unamgawia mwenyeji wake. Maji yakichafuka, mwanga unapungua na chakula kinapungua. Tope likitua juu yake, tumbawe hutoa ute ili kujisafisha, na ute huo hutengenezwa kwa nguvu ambazo lingezitumia kukua na kuzaa. Likifanya hivyo mara moja kwa mwaka baada ya dhoruba, linastahimili. Likilazimika kufanya hivyo kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi kwa ratiba ya meli, linachoka. Nimeyaona yaliyochoka. Yanaanza kupauka kwenye kingo, halafu mwani wa nje unapanda juu yake, na mgeni asiyejua hupita akidhani ni jiwe tu.

Nanga ndiyo habari inayofahamika zaidi, lakini hata hiyo wengi hawajui inavyoua. Watu hufikiri ni ule uzito unaoanguka. Kinachoharibu zaidi ni mnyororo. Meli haitulii mahali pamoja. Upepo ukigeuka nayo inageuka, na mnyororo uliolala chini unafagia kila kilichosimama, kama mtu anayeburuta gogo shambani. Huko Grand Cayman, kisiwa cha Karibi, utafiti uliochapishwa mwaka 1988 ulipima uharibifu wa meli moja ya watalii iliyotia nanga kwa siku moja tu: mita za mraba 3,150 za mwamba uliokuwa mzima. Mtafiti alikadiria kwamba mwamba ungehitaji zaidi ya miaka hamsini kupona. Meli iling'oa nanga ikaenda zake bandari nyingine, na aliyebaki kuuhesabia mwamba ile miaka hamsini ni kisiwa.

Wala msitulizwe na neno "meli ndogo". Machi 2017, meli ya Caledonian Sky ilipanda juu ya mwamba karibu na kisiwa cha Kri, Raja Ampat, Indonesia, mahali ambapo wazamiaji wa dunia nzima huota kufika. Meli ile ilikuwa na urefu wa mita 90 hivi na abiria mia moja hivi, ambao walikuwa wametoka kutazama ndege wa porini. Maji yalikuwa yanakupwa. Badala ya kusubiri yajae, ikaitwa tagi, boti ya kuvutia meli, iivute, na mwamba ukasagwa wakati wa kuvutwa. Uharibifu uliopimwa ulizidi mita za mraba 13,000. Kwa hiyo mkiwekewa mezani idadi ya abiria peke yake, ulizeni pia: nani rubani, ramani ya kina ni ya mwaka gani, na nani mwenye mamlaka ya kusema "leo hapana" maji yanapokuwa madogo.

Hapa wajenzi wa magati hujibu kwamba ndiyo maana gati linahitajika: meli ikifungwa gatini haitupi nanga. Ni jibu linalosikika vizuri. Lakini ili meli ya namna hiyo ifike gatini, kina lazima kichimbwe, na kuchimba ni kuamsha tope la miaka na miaka. Nguzo zinapigwa mahali palipokuwa na mwamba. Halafu kila siku rafadha zinafanya kazi karibu na ufukwe, katika maji mafupi. Kisiwa cha Cozumel, Meksiko, kilishapita njia hiyo. Mwaka 1996 mashirika ya kiraia yaliupeleka mradi wa gati jipya mbele ya tume ya mazingira ya Amerika ya Kaskazini, kwa hofu juu ya mwamba wa Paraíso. Tume ikachunguza na kutoa kumbukumbu yake mwaka uliofuata. Gati lilijengwa. Mwaka ule ule wa 1996 miamba ya kisiwa hicho ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na leo Cozumel ni miongoni mwa bandari zinazopokea abiria wengi zaidi wa meli za kitalii duniani. Hifadhi na gati, ubavu kwa ubavu.

Mwaka 2018 ugonjwa unaomenya nyama ya matumbawe magumu, ulioonekana mara ya kwanza karibu na Miami mwaka 2014, ukafika pwani hiyo ya Meksiko. Mwaka 2019 wahifadhi walilazimika kufunga kwa muda baadhi ya miamba ya kusini ya Cozumel ili ipumzike. Sisemi meli za watalii ndizo zilizouleta. Wanasayansi wanachunguza njia kadhaa, na maji ya kusawazishia meli yamo kati ya zinazotiliwa shaka. Nasema hivi: mwamba ambao tayari unavuta tope kila wiki hauna akiba ya kupambana na maradhi. Ni kama mtu mwenye utapiamlo akipatwa na homa.

Kuhusu maji taka, nitasema kwa kifupi kwa sababu sheria yenyewe ni fupi. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa meli, MARPOL, unaruhusu maji ya chooni ambayo hayajasafishwa yamwagwe baharini, mradi meli iko zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu na iko mwendoni. Yaliyopita kwenye mtambo ulioidhinishwa yanaweza kumwagwa karibu zaidi. Maji ya kuogea, kufulia na kuoshea vyombo hayamo kabisa katika mkataba huo. Kwa hiyo msipoweka sheria yenu wenyewe, hakuna atakayewawekea. Na sheria bila mkaguzi haitoshi: mwaka 2016 kampuni ya Princess Cruises ilikubali kulipa dola milioni 40 nchini Marekani kwa kumwaga maji yenye mafuta kwa siri kupitia bomba lililofichwa, na siri hiyo ilifichuka kwa sababu mhandisi mmoja mgeni kazini aliamua kusema.

Sasa fedha. Sitaki mseme huyu mzamiaji anazungumzia samaki tu huku watu wana watoto wa kusomesha. Naijua hamu ya yule dereva anayesubiri, na ya yule anayechonga vinyago, na ya kijana anayetaka kazi yoyote. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami naiamini methali hiyo kwa sababu imenilisha. Lakini swali ni mgeni yupi, na mwenyeji anapona kwa kiasi gani. Abiria wa meli amelipia chakula na kitanda chake kabla hajafika. Matembezi ya kisiwani mara nyingi huuzwa ndani ya meli, na kampuni hukata sehemu yake kabla senti haijagusa mkono wa mwenye mashua. Mwenye mashua hupangiwa bei, na akikataa, yupo jirani yake atakayekubali. Nimefanya kazi siku za namna hiyo: makundi manne mfululizo, maelezo ya usalama kwa kukimbia, watu wasiojua kuogelea vizuri wakisimama juu ya matumbawe kwa sababu wamechoka na hakuna aliyewafundisha. Jioni nilihesabu nilichopata. Kilikuwa kidogo kuliko siku moja na wageni wangu sita.

Wakati huo huo, wale sita walikuwa kwenye mashua nyingine wakitafuta mwamba usio na umati, wakasema mwakani wangejaribu kisiwa kingine. Hilo halionekani kwenye faili. Faili linahesabu wanaokuja kwa meli, halina safu ya walioacha kuja kwa sababu ya meli.

Na nguvu ya kujadiliana mnayo kidogo kuliko mnavyodhani. Meksiko, nchi kubwa yenye pwani mbili, ilipanga kutoza dola 42 kwa kila abiria wa meli kuanzia 2025. Kampuni zikapinga, na kodi iliyoanza Julai mwaka huo ikawa dola 5, ya kupandishwa kidogo kidogo. Ikiwa Meksiko ilishushwa hivyo, kisiwa chenye gati moja na deni kitasimama wapi? Kampuni inaweza kubadilisha ratiba kwa barua pepe moja. Machi 2020 hata barua haikuhitajika: janga la korona lilisimamisha meli hizo duniani kote, na visiwa vilivyokuwa vimeegemea hapo vikakaa zaidi ya mwaka mmoja na magati matupu.

Niseme ukweli pia kuhusu sisi wazamiaji, maana si haki kumlaumu mgeni wa meli na kujificha. Sisi nasi tunaharibu. Pezi likipigwa vibaya linavunja tawi lililokua kwa miaka. Mashua zetu zilikuwa zinatupa nanga popote. Watafiti waliochunguza miamba ya Bonaire, kisiwa cha Karibi, na kwingineko waliona kwamba ukipita wastani wa mizamio 4,000 hadi 6,000 kwa mwaka mahali pamoja, uharibifu unaongezeka haraka. Kwa hiyo idadi ninayoomba iwekwe kwa meli, naomba iwekwe na kwetu. Bonaire ilianza mapema: mwaka 1979 ilianzisha hifadhi ya bahari kuzunguka kisiwa, ikafunga maboya ya kudumu ya kufungia mashua, ikapiga marufuku nanga juu ya mwamba, na mzamiaji hulipa ada inayokwenda kwenye uhifadhi. Kufunga mashua kwenye boya ni kazi ya dakika mbili. Niliizoea ndani ya wiki moja, na sijawahi kumsikia mgeni akilalamikia ada ile akishaelezwa inakokwenda.

Wala hamtakuwa wa kwanza kuweka kikomo kwa meli. Kisiwa cha Bora Bora, Polinesia ya Kifaransa, kimejiwekea abiria wa meli 1,200 kwa siku tangu 2022. Galápagos, visiwa vya Ekuado, meli ya watalii inayozunguka visiwa haizidi abiria 100. Mji wa Bar Harbor, ulioko kisiwani katika jimbo la Maine, Marekani, ulipiga kura mwaka 2022 kuweka kikomo cha watu 1,000 wanaoshuka kwa siku. Grand Cayman, ambako abiria huletwa ufukweni kwa boti, wakazi walikusanya saini mwaka 2019 kudai kura ya maoni juu ya gati, na mradi ukaachwa mwaka uliofuata. Aprili 2025 wapiga kura waliulizwa tena kuhusu gati, na walio wengi wakakataa.

Mfano unaoniuma ni wa Key West, mji wa kisiwani katika jimbo la Florida, Marekani. Novemba 2020 wakazi walipiga kura kuzuia meli kubwa na kuweka kikomo cha watu 1,500 kwa siku. Mwaka 2021 jimbo la Florida likapitisha sheria iliyofuta kura hiyo. Ndiyo maana nasisitiza kikomo kikae kwenye sheria ya ngazi ya juu kabisa mnayoweza kuifikia, kwa tarakimu, si kwenye mwongozo wa idara ambao waziri anayefuata ataubadilisha kwa kalamu yake.

Mkishaamua idadi, mengine yanakuwa mepesi. Miamba ipimwe kabla ya chochote, mita kwa mita, na picha zake zihifadhiwe, ili siku ya ubishi pawepo cha kulinganisha. Meli itakayokubalika ikae nje kwenye maji marefu, mahali palipochunguzwa, na abiria waje kwa boti za wenyeji. Hapo nahodha wa kisiwa amepata kazi na mchanga wa ufukweni haujachimbwa. Ada ya kila abiria iingie moja kwa moja kwenye mfuko wa bahari, wenye hesabu zinazobandikwa ukutani watu wazisome. Na mkataba wowote usiwe na kifungu kinachoahidi kampuni idadi ya chini ya abiria au haki ya kwanza ya gati kwa miaka thelathini. Kifungu cha namna hiyo mkikiona, rudisheni faili lilikotoka.

Waulizeni pia wakazi, kwa kura, kabla ya saini. Mkutano wa saa mbili wenye viti vya mbele vilivyokaliwa na wawakilishi wa kampuni hautoshi.

Nina ombi la mwisho, na hili ni la mtu kwa mtu. Njooni tuzamie kabla ya kikao. Asiyejua kuogelea tutampeleka kwa mashua yenye sakafu ya kioo. Wengine nitawafundisha polepole, kwenye maji ya kifuani kwanza. Matangi nitabeba mwenyewe. Kuna tumbawe la mviringo kwenye mwamba wangu ambalo kimo chake kinanizidi. Aina hiyo hukua kama sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo lilianza zaidi ya karne moja na nusu iliyopita. Ubavuni mwake kuna chewa ambaye hujitokeza ukimsubiri bila kupiga mapezi. Tutakaa pale dakika kumi, tusiguse kitu. Tukipanda juu mtavua miwani, mtajifuta maji usoni, na hapo hapo kwenye mashua nitawaomba mlifungue lile faili na mnionyeshe, kwenye ramani yake, tumbawe hilo liko upande gani wa gati.

Wenu katika kazi,
Mwongoza wazamiaji